Mzuka wa London kwenye hedifoni

Kuna mchezo wa kuigiza ambao ukisimuliwa tu utasema redio haiuwezi. Unaitwa Gas Light, wa Mwingereza Patrick Hamilton, ulioonyeshwa mara ya kwanza Desemba 1938 kwenye ukumbi wa Richmond, jirani na London. Mambo yake yanatokea jioni moja, sebule moja, miaka ya 1880, Malkia Victoria akiwa bado kitini. Bella Manningham anaishi humo na mumewe na watumishi wawili. Kila jioni bwana akishatoka zake, taa ya gesi ya sebuleni hunywea yenyewe, na juu, kwenye ghorofa iliyofungwa na isiyokaliwa na mtu, husikika nyayo. Muda mfupi kabla bwana hajarudi, mwanga hupanda tena. Bella hajui amweleze nani, maana mume keshamwaminisha kwamba akili zake zimeanza kuruka: picha haipo ukutani, umeificha wewe, hati ya duka haionekani, umeipoteza wewe.

Hofu yote hiyo imejengwa juu ya mwanga unaopungua, na mwanga hauna mlio. Utaupunguzaje masikioni mwa mtu aliyejilaza gizani na hedifoni zake?

Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niwe mteja wa kudumu wa michezo ya sauti ya aina hii: mauaji ya zama za Victoria, mpelelezi mwenye koti zito, mjane mwenye siri, mzuka ngazini. Mingi ni ya ovyo, tusidanganyane. Unasikia upepo, mlango unalia, mwanamke anapiga ukelele, basi, sehemu ya kwanza imekwisha. Ila ukiupata ule mmoja mzuri, utaamka kwenda kuhakikisha kama mlango wa jikoni umeufunga.

Taa za gesi za wakati ule hazikuwa bubu. Kabla ya kile kikofia king'aacho, ndugu wa kile cha karabai, kuenea majumbani miaka ya 1890, gesi ilichomwa wazi. Ilitoka kwenye tundu jembamba, ndimi zikatanuka bapa, na ilipotoka ilitoa mvumo mwembamba usiokatika. Mwongozaji mjuzi huuweka mvumo huo tangu dakika ya kwanza, chini kabisa ya mazungumzo, mpaka sikio linauzoea kama linavyozoea friji jikoni. Halafu anaupunguza. Hakuna anayesema kitu. Bella anakatisha sentensi, kijakazi anaulizwa jambo lisilo na kichwa wala miguu, na wewe msikilizaji unahisi chumba kimepungukiwa na kitu kabla hujajua ni kitu gani. Jukwaani watu wote wanaona taa inafifia kwa wakati mmoja, wanageukiana na kutikisa vichwa. Kwenye hedifoni uko peke yako na shaka yako, yaani uko pale pale alipo Bella.

Na siri ya ile taa ni ya kifundi kabisa. Nyumba nzima inanywa kwenye bomba moja. Ukiwasha taa nyingine juu, gesi inagawanyika, msukumo unashuka, na taa za chini zinanywea. Kwa hiyo anayepunguza mwanga ni mtu aliye juu, amewasha taa, anatafuta kitu. Mpelelezi mstaafu aitwaye Rough, anayejitokeza mume akiwa hayupo, ndiye anayemfungulia Bella fumbo hilo. Nyumba hiyo hiyo, miaka mingi nyuma, bibi tajiri aitwaye Alice Barlow alikatwa koo kwa ajili ya vito vyake vya yakuti nyekundu, na aliyemkata hakuvipata. Mwuaji ndiye huyu bwana Manningham. Amerudi kuinunua nyumba, akaoa, na kila usiku anajifanya ametoka kumbe amezunguka na kupanda juu kupekua. Vito vyenyewe vilikuwa vimefichwa ndani ya bruchi, pambo la kifuani, aliyompa mkewe kwa mkono wake.

Uzuri wake ni huu: mlio ule ule mmoja, mvumo wa gesi unaoshuka, ni mzuka katika nusu ya kwanza na ni kielelezo cha mahakamani katika nusu ya pili. Hakuna kilichobadilika kwenye sauti. Kilichobadilika ni nani amepewa nafasi ya kuieleza. Alice Barlow mwenyewe hasemi hata neno moja mchezo mzima, na bado sijui mzuka mwingine unaoikalia nyumba kama yeye.

(Gesi yenyewe, iliyotolewa kwenye makaa ya mawe, ilikuwa na kaboni monoksidi ndani yake. Ikivuja kidogo kidogo inaumiza kichwa na kuchanganya akili bila kuhitaji msaada wa mume mbaya. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika katika jarida la fani yake habari za familia iliyohamia nyumba moja kuukuu ikaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Chanzo kilikuwa tanuru la kupashia nyumba joto, lililokuwa likirudisha moshi wake vyumbani.)

Tukiacha gesi, mwandishi wa michezo hii amerithi ghala zima la milio na analitumia vibaya. Kila mara ni kwato za farasi kwenye mawe. Farasi huyo, kama hujui, kwa miaka mingi redioni ametengenezwa kwa vifuu viwili vya nazi vinavyogongwa juu ya ubao au changarawe, kwa hiyo mnazi ulishaingia katika upelelezi wa London kitambo. Baada ya kwato, Big Ben. Nimesikia mchezo ukitangaza kwamba tuko mwaka 1845, na papo hapo kengele ile inagonga saa sita za usiku, wakati ilianza kugonga mwaka 1859. Mambo haya yananikera kuliko inavyostahili. Baada ya Big Ben, mhusika anakohoa na kusema jinsi ukungu ulivyotanda, kwa kuwa ukungu nao ni bubu na hakuna aliyekaa chini kufikiri auletee nini.

Kumbe yapo mengi ya kutumia. Katika mitaa ya wenye nacho, nyumba ikiwa na mgonjwa mahututi, walikuwa wakitandaza majani makavu barabarani mbele ya mlango ili magurudumu ya magari yasimsumbue. Hebu lisikilize hilo: gari la farasi linakuja kwa kishindo, linapofika mbele ya nyumba moja magurudumu yanazama kimya, linapita, kishindo kinaanza tena. Bila neno hata moja umeambiwa kuna mtu anakata roho nyuma ya dirisha lile. Akishakufa, jamaa wa nyumbani wanaisimamisha saa, na mlio uliokuwepo tangu mchezo uanze unakatika. Kisha kengele ya kanisa. Parokia nyingi zilikuwa na desturi ya kupiga mapigo matatu mara tatu kwa mwanamume, mawili mara tatu kwa mwanamke, halafu pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Mwandishi mwenye subira angeweza kumwacha msikilizaji ahesabu mwenyewe mpaka agundue kwamba aliyekufa siye aliyedhaniwa. Sijausikia mchezo uliofanya hivyo. Naungoja.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanaotunga hadithi hizi wanalisahau. Mzuka maarufu kuliko yote wa zama hizo haukuja kwa sura, ulikuja kwa sauti, tena ulikuja na kesi ya mauaji mkononi. Usiku wa tarehe 31 Machi 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, mabinti wawili wa familia ya Fox, Margaret na Kate, walianza kuzungumza na mlio wa kugonga uliokuwa ukisikika ndani ya nyumba yao. Waliuuliza maswali, ukajibu kwa idadi ya mapigo. Majirani wakaitwa, wakauliza nao. Ko, ko, ko. Ikasemekana anayegonga ni mchuuzi aliyeuawa ndani ya nyumba hiyo na kufukiwa chini, na watu wakashika majembe wakaenda kuchimba. Kutokana na mlio ule ikaota imani nzima ya kuita roho, ikavuka bahari, na si muda mrefu waungwana wa London walikuwa wanazima taa na kukaa kuzunguka meza, mikono imeshikana, wakingoja wafu wagonge.

Miaka 40 baadaye, Oktoba 1888, Margaret alipanda jukwaani katika ukumbi wa Academy of Music jijini New York, akavua kiatu, akaonyesha umma jinsi alivyokuwa akialisha kiungo cha kidole gumba cha mguu. Ukumbi mzima ukasikia: ko. Mwaka uliofuata akayakana maungamo yake. Waumini wakakubali kukana, wasioamini wakakubali kuungama, na kila mmoja akaenda zake na alichokuja nacho.

Nikisikiliza mchezo wenye kikao cha kuita roho huwa nakikumbuka kile kidole. Mtengeneza milio aliyejifungia studio, anapogonga ubao kwa kifundo cha kidole chake, anafanya kazi ile ile aliyofanya Margaret Fox, kwa watu wa namna ile ile: walio gizani, wasioweza kuthibitisha, na ambao ndani ya nafsi zao wanatamani iwe kweli. Jicho lingeuona mguu ukicheza chini ya meza.

Redio ilikijua kipaji chake hiki mapema. Januari 1924, BBC ikiwa changa kabisa, Richard Hughes aliwaandikia mchezo uliotungwa mahususi kwa ajili ya redio, na mahali alipouweka ni chini ya mgodi wa makaa ya mawe, taa zikiwa zimezimika. Wahusika hawaoni, wasikilizaji hawaoni, wote wamo kwenye shimo moja. Septemba 1943, katikati ya vita, likaja shirika hilo hilo na mfululizo wa Appointment with Fear. Msimulizi wake, Valentine Dyall, alijulikana kama Mtu Mwenye Nguo Nyeusi, na alikuwa na sauti ya kumfanya mtu aombe msamaha kwa dhambi asizozitenda. Maandiko mengi yalikuwa ya John Dickson Carr, Mmarekani aliyehamia Uingereza, bingwa wa mauaji ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani. Utaalamu wake ulikuwa kukuonyesha jambo ambalo hakuna awezaye kulifanya isipokuwa mzuka, kisha akakuonyesha kamba, kioo na saa iliyorudishwa nyuma. Nikimsoma Carr huwa naupenda zaidi ule usiku wa mashaka kuliko asubuhi ya maelezo, lakini nakiri hajawahi kuniibia: kila alichonieleza mwishoni nilikuwa nimekisikia mwanzoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo roho ya michezo hii. Swali la kwa nini zama za Victoria na mizuka vinapatana hivi hujibiwa kwa ukungu, makaburi na nguo nyeusi za matanga. Mimi nadhani jibu liko mahakamani. Katika kesi ya mauaji ya wakati ule Uingereza, watu wawili waliojua ukweli wote hawakuwa na sauti. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alikuwa kizimbani, na sheria haikumruhusu kula kiapo na kutoa ushahidi katika kesi yake mwenyewe mpaka ilipobadilishwa mwaka 1898. Angeweza kukaa pale siku nzima, roho yake ikijadiliwa na mawakili, madaktari na wajakazi, na yeye asisimame shahidi hata dakika moja. Sanaa ya kuigiza kwa sauti peke yake inapokutana na mahakama iliyowanyamazisha mwuaji na mwuawa, shahidi wa tatu hana budi kuzuka mahali fulani.

Uchunguzi wa kifo nao ulikuwa na mambo yake. Koroner, ofisa wa kuchunguza vifo, mara nyingi alifanya baraza lake kilabuni, maana ndiko kulikokuwa na chumba kikubwa. Wazee wa baraza walipaswa kuitazama maiti kwa macho yao. Fikiria mandhari hiyo kwa masikio: shahidi anaeleza alivyoukuta mwili, sauti inamtetemeka, na nyuma ya ukuta bilauri zinagongana na mtu anacheka kwa jambo lake jingine kabisa. Kicheko kile kinatisha kushinda radi.

Ipo kesi moja ya kweli ambayo ukimya wake haujanitoka. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, katika nyumba ya Road Hill, Wiltshire, mtoto Saville Kent, hata miaka minne hajafikisha, alichukuliwa kitandani pake katika chumba alimolala yaya, akakutwa asubuhi ametupwa kwenye choo cha nje, amekatwa koo. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Hakuna aliyesikia la maana. London ikamtuma Jack Whicher, mmoja wa askari wanane wa kikosi cha kwanza cha upelelezi cha Scotland Yard, makao ya polisi wa London, kilichoundwa mwaka 1842. Whicher akamshuku Constance, dada wa kambo wa mtoto, msichana wa miaka 16, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa kitu kisichokuwepo: vazi la usiku ambalo idadi yake haikutimia kwenye nguo za kufua. Mahakimu wakamwachia binti, magazeti yakamrarua mpelelezi kwa kuthubutu kupekua nguo za ndani za mtoto wa waungwana. Mwaka 1865 Constance mwenyewe akaenda kukiri. Akahukumiwa kunyongwa, hukumu ikapunguzwa, akatumikia miaka 20 gerezani.

Kesi hii ikiwekewa mzuka wa mtoto analia ngazini, nazima. Haihitaji, na yule alikuwa mtoto wa mtu kweli. Ukitaka kunitisha kwa Road Hill nipe nyumba nzima imelala: saa, pumzi za yaya, mbao za sakafu zikijinyoosha kwa baridi ya alfajiri, na hakuna kingine. Nitajitisha mwenyewe.

Lakini iko kesi ambamo mzuka uliingia mahakamani kweli, na ndiyo ningeichagua kama ningepewa studio na waigizaji. Ni ya Marekani, jimbo la West Virginia, wilaya ya Greenbrier, mwaka 1897, Malkia Victoria akisherehekea miaka 60 ya utawala wake upande wa pili wa bahari. Zona Heaster alikuwa ameolewa miezi michache tu na mhunzi aitwaye Edward Shue. Januari 23 alikutwa amekufa ndani ya nyumba yao. Kabla daktari hajafika, mume alikuwa ameshambeba mwili juu na kumvalisha mwenyewe, jambo ambalo kwa desturi lilikuwa la wanawake, akamvika gauni lenye kola ndefu ngumu iliyofunika shingo. Daktari alipojaribu kuangalia vizuri shingoni, mume akahamaki, na uchunguzi ukaishia hapo. Mazikoni hakubanduka kichwani mwa jeneza.

Mama wa Zona, Mary Jane Heaster, hakumpenda mkwe wake tangu mwanzo. Alikaa akimwomba Mungu ajue kilichomtokea mwanawe. Kisha akasema Zona amemjia, usiku nne, si ndotoni, yeye yu macho, na amemweleza kwamba mumewe ndiye aliyemvunja shingo. Akaenda kwa mwendesha mashtaka, John Alfred Preston, na hakuondoka mpaka mambo yakaanza kusogea. Februari kaburi likafukuliwa. Shingo ilikuwa imevunjika na koromeo limepondeka.

Preston hakuwa mjinga. Katika kesi hakumwuliza mama neno lolote kuhusu mzuka. Aliyemwuliza ni wakili wa utetezi, akidhani atamwonyesha kuwa bibi mwenye kichaa na kumchekesha jaji. Akambana: hiyo haikuwa ndoto? Ulikuwa macho? Una hakika? Na kila alivyombana, mama akazidi kunyooka. Hapana, haikuwa ndoto. Kesi ilikuwa imejengwa kwa ushahidi wa kawaida bila mzuka, lakini wakili yule alikuwa ameshaufungulia mlango kwa mkono wake, na wazee wa baraza wakamkuta Shue na hatia. Alipewa kifungo cha maisha, akafia gerezani Moundsville mwaka 1900. Leo kuna bango la serikali ya jimbo kando ya barabara karibu na makaburi alikozikwa Zona, linasema hii ndiyo kesi pekee inayojulikana ambamo ushahidi wa mzuka ulisaidia kumtia mwuaji hatiani.

Kinachonikaa mimi ni maneno yenyewe ya mzuka, kwa mujibu wa mama pale kizimbani. Zona hakulia wala hakutisha mtu. Alisema mume alirudi kutoka kazini akakasirika kwa sababu hakukuta nyama ya chajio. Kisha akamhesabia mama yake vilivyokuwepo mezani: siagi, matofaa, jeli za matunda za namna mbili tatu. Vilikuwepo vya kutosha, mama. Marehemu amevuka mauti arudi kujitetea kwamba chakula alikuwa ameandaa.

Mtunzi angepata wapi hilo? Mzuka wa kubuni huja na laana, na mwangwi, na sauti iliyozamishwa kwenye pipa. Ningeiongoza sehemu hii, ningemwambia mwigizaji aseme karibu kabisa na kinasa sauti, kikavu, bila mwangwi wowote, kwa ile sauti ya mwanamke anayemlalamikia mama yake jikoni huku mikono imo kwenye unga. Mambo ya mwangwi ningempa wakili. Ukumbi wa mahakama una dari refu, yeye ndiye anayestahili kusikika kama mtu wa ulimwengu mwingine.

Wasioamini wanasema mama alimshuku mkwewe tangu siku ya msiba, kwamba shingo ya marehemu ilikuwa gumzo, na kwamba mzuka ulikuwa njia yake ya kusema alichokwishakijua. Inawezekana kabisa. Mwanamke wa kijijini, mwaka 1897, akienda kwa mwendesha mashtaka na kusema nina wasiwasi na mkwe wangu, angepewa pole na kuonyeshwa mlango. Akienda na kusema marehemu amenituma, angalau watu wanataka kusikia mwisho wake. Mchezo ninaoutaka hauchagui kati ya hayo mawili. Unamwacha Zona aongee, unamwacha mama aongee, na ukitega sikio vizuri unagundua kwamba wanapumua sehemu zile zile za sentensi.

Najua wapo mashabiki wa hadithi za upelelezi ambao hapa tunaachana. Kwao mzuka ni wizi. Padri Ronald Knox alishaweka sheria zake kumi mwaka 1929, na mojawapo inafukuza mambo yote ya kimizimu kwenye hadithi ya upelelezi. Klabu ya waandishi wa London iliyoanzishwa mwaka uliofuata, Detection Club, ikawaapisha wanachama wake kutotumia ufunuo wa mbinguni wala kiini macho kufumbua kesi. Carr aliapa kiapo hicho pia, naye ndiye mtu aliyetisha Uingereza nzima kwa redio. Mimi nakubaliana nao nusu. Mzuka ukimtaja mwuaji na mpelelezi akaenda kumkamata, nimepoteza saa yangu; afadhali wangempeleka mtuhumiwa kwa mpiga ramli tangu mwanzo. Lakini mzuka ukiuliza swali ambalo walio hai wanaogopa kuliuliza, halafu mpelelezi akalazimika kutafuta jibu kwa miguu yake, hapo hakuna aliyeibiwa.

Na sisi wa Kiswahili tuliliona hilo mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960 kama Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa hata mchana, na kila mtu ana maelezo tayari kuhusu nani amemwua. Mpelelezi wa hadithi hiyo, Bwana Msa, anakuja na kiko chake na sahibu yake Najum, anasikiliza yote, hamdhihaki anayeamini wala hamfuati. Ule ukoo wake na wapelelezi wa London ya gesi hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Tofauti ni kwamba hofu ya pale haijaagizwa kutoka ng'ambo. Anayejua mzimu ulivyo, na ubani, na vitambaa vinavyofungwa pale, anaisikia hadithi hiyo mgongoni.

Wako vijana Dar, Mombasa na Unguja wenye maikrofoni nzuri kuliko alizokuwa nazo BBC mwaka 1924, na waliokulia kwenye michezo ya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) na Sauti ya Kenya bado wapo wa kuwaongoza. Ningependa kukisikia kitabu kile kikichezwa kwa sauti kama inavyochezwa michezo ya Victoria, kwa subira ile ile. Kianzie mzimuni kabla maiti haijaonekana: majani, mdudu mmoja, mtu anavua viatu, anasita, anaendelea peku. Najum apewe mwigizaji anayejua kuogopa bila kupiga kelele, maana masikio yake ndiyo tutakayoazima muda wote. Na tafadhali, radi msiiweke.